Samoni Jike wa Kuskokwim

Okalena alimjua kwa uzito kabla hajamwona. Samoni mfalme, mkubwa kuliko samoni wote wa mto Kuskokwim, jike, tumbo limejaa mayai, alikuwa amenasa kwenye wavu wake wenye mpini mrefu.

"Usimrudishe, shemeji!" mdogo wa mumewe alisema kutoka kwenye injini ya boti. "Mwaka wa tano huu mama anaomba kipande kimoja tu. Nani anatuona huku? Kunguru?"

Okalena alimtoa samaki wavuni. Kwenye mkutano wa wavuvi, yeye ndiye aliyesimama akasema samoni wafalme wote warudishwe mtoni wakiwa hai, mpaka wazaliane wawe wengi tena. Watu walimpigia makofi. Mama mkwe wake pia alipiga.

Alimzamisha samaki ubavuni mwa boti, kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Matamvua yalifunguka mara moja, yakatulia.

"Ameshakufa huyo. Mlete tumle."

"Bado."

Maji yalikuwa ya tope, na baridi yake iliuma hadi mfupani. Vidole vilimfa ganzi. Hakuweza kumwona samaki, na sasa hata kumhisi hakuweza. Shemeji yake aliiacha injini, akaja akapiga magoti kando yake.

"Pumua, bibi," alimnong'oneza samaki. "Pumua basi."

Okalena alikaza mikono. Viganja vikakutana vyenyewe kwa vyenyewe; samaki hakuwamo.

"Ameogelea au amezama?"

"Sijui."

Waligeukia mto unakoshukia, wakakodolea macho yale maji, wakiomba wasione tumbo jeupe likiibuka.

"Unaona kitu?" shemeji yake aliuliza.

"Nyamaza, shemeji. Tazama tu."