Kuku wa Mjukuu

Miaka hiyo kuku hakuvushwa kutoka kijiji hadi kijiji kabla kinyesi chake hakijasomwa na mashine. Vimelea vya kuhara damu vilikuwa vya koo nyingi, na chanjo iliyofaa ua huu haikufaa ua ule.

Bi Melania wa Iguguno alipopata habari kwamba bintiye Edina amejifungua huko Kiomboi, alichagua tetea sita wa kumpelekea mjukuu. Mashine ikawakataa.

"Mama, vimelea vya kwako havijulikani popote," alisema Hango, bwana mifugo. "Tupe wiki tatu tuvitengenezee chanjo."

Alisubiri huku akinung'unika. Lakini chupa ilipofika imeandikwa jina lake, aliizungusha kwa majirani wote kabla ya kuwanywesha kuku.

Kiomboi alipokewa kwa vigelegele. Tetea wakaachiwa uani pamoja na kuku wa Edina, bibi akampakata mjukuu, watu wakacheza mpaka vumbi likatimka.

Mwezi wa pili, Bi Melania akiwa bado anamlea mzazi, Hango alipiga simu baada ya kusoma kinyesi walichomtumia.

"Mama, vimelea vya nyua zenu mbili vimeoana. Vimezaa aina mpya."

Bi Melania alicheka hadi akashika mbavu. "Basi hongera zao! Na wao wamepata mtoto."

Edina, aliyekuwa akisikiliza kwenye spika, naye alicheka, kisha akaichukua simu. "Bwana Hango, chanjo ya huyo mpya ipo?"

"Tunaitafuta," alijibu Hango.

Uani, tetea mmoja alikuwa akifukua mchanga uliochanganyika na kinyesi na kuwaita vifaranga wake waje kula.