Mlio wa Vikombe

Mbaruku, muuza kahawa wa mtaani, aliingia mkahawa wa Kitaliano akinyata kama paka kwenye nyumba ngeni. Wiki ya tatu sasa wateja wake walikuwa wamepukutika. Hata Maalim Nassoro, ambaye akicheza bao hunyoosha tu mkono nyuma kupokea kikombe, macho hayabanduki kwenye kete, alidai daktari kamkataza kahawa.

"Shikamoo, mzee. Nikuletee kahawa gani?" aliuliza binti wa mkahawa.

"Marahaba. Kwani ziko ngapi?"

Akaletewa kikombe kidogo, sawa na vyake. Akaonja. Chungu, nzito, na hata tangawizi haina! Ndiyo hii iliyomwibia watu?

Akaikazia macho migongo ya wanaume waliosimama kaunta, hatua moja mbele yake. Walikuwa wakicheka; Mbaruku alipokohoa, wakanyamaza. Mgongo mmoja aliushuku, lakini hakutaka kumsingizia mtu.

Akatoa mfukoni vikombe vyake viwili, akavigonganisha kama afanyavyo kila alasiri akiita wateja.

Hakuna aliyegeuka. Ila mkono mmoja ulinyooka nyuma, kiganja wazi, ukisubiri.