Dakika Tatu za Mama

Dobi alisimama mbele ya mashati thelathini yaliyoning'inia, akakohoa kidogo, akasema, "Waheshimiwa wanakamati."

Mashati yakatulia. Aliendelea mpaka sentensi ya tatu, kisha machozi yakamlenga. Akashika pasi, akarudi kazini.

Barua kutoka gerezani ilisema kamati ya kuwaachia wafungwa mapema ingekutana Alhamisi, saa nne asubuhi, na mzazi angepewa dakika tatu za kuzungumza. Miaka sita iliyopita alipewa dakika tatu kama hizo. Alisimama, akamwona mwanawe ndani ya sare ya wafungwa, akalia mpaka muda ukaisha. Halikumtoka hata neno moja. Kamati ikaamua bila kumsikia, na uamuzi ule ulikuwa ukimchoma kifuani hadi leo.

Ndiyo maana alijiandikisha katika darasa la jioni la kuzungumza hadharani, bibi wa miaka sitini na mbili kati ya vijana wanaotafuta vyeo.

"Mama Pasi," dereva mmoja alimtania, "unautaka ubunge nini?"

"Nataka dakika tatu tu, baba. Ubunge nimekuachia wewe."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alimfundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni, kunyamaza kidogo kabla ya neno zito, kutokimbilia mwisho.

"Ukilia, watu wanaona machozi," alimwambia, "na kila mtu anayasoma anavyopenda. Ukisema, wanasikia ulichosema."

Dobi aliandika maneno hayo kwenye daftari, herufi kubwa kubwa.

Nyumbani alisikilizwa na mkwewe, mke wa huyo mwanawe, aliyekaa kitandani na saa mkononi.

"Dakika nne, mama. Imezidi."

"Nipunguze wapi?"

"Pale unapoeleza alivyokuwa mtoto. Alivyokuwa akikubebea kapu la nguo."

"Hapo hapapunguzwi. Lazima wajue kwamba nampenda."

Mkwe aliinamisha kichwa. Tangu barua ifike, wajukuu hawakuwa wakilala vizuri. Walihamia chumbani kwa bibi yao, wakajibana naye kama vifaranga.

"Watoto wanauliza kama baba yao anarudi," mkwe alisema.

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia bibi anakwenda kusema."

Kila alfajiri dobi alipiga magoti kabla ya kuwasha jiko. "Mungu wangu, sikuombi ujasiri mwingi. Nipe wa dakika tatu tu, kisha uuchukue. Na yeye umlinde, popote alipo."

Alhamisi ilifika. Mkwe alimsindikiza mpaka kwenye geti la gereza. Hapo mkwe akasimama, akakataa kuingia. Dobi alimshika mkono, akauachia, akaingia peke yake.

Chumba kilikuwa kidogo. Wanakamati watano, jagi la maji, feni iliyozunguka kivivu. Ofisa wa magereza alisoma ripoti: mfungwa ana adabu, amejifunza useremala, anaongoza wenzake katika maombi. Mwanawe alikuwa amekaa pembeni, nywele zimeanza kuingia mvi, akitabasamu.

"Shikamoo, mama," alisema polepole.

"Marahaba, mwanangu."

Mwenyekiti alivua miwani. Alikuwa mtu mpole. "Mama, tunakukumbuka. Ukishindwa kuongea kama siku ile, usijali. Tunajua mzazi anataka nini."

Dobi alisimama. Machozi yalikuja mpaka ukingoni, akayazuia. Alivuta pumzi kutoka tumboni. Akasimulia habari za mtoto aliyekuwa akimbebea kapu la nguo, na jinsi alivyokuwa akiimba njiani. Mwanawe alifuta macho kwa kiganja. Mwanakamati mmoja alitikisa kichwa kwa huruma, kalamu tayari juu ya karatasi.

Ilikuwa imebaki nusu dakika.

"Waheshimiwa, huyu nimemzaa mimi, na hakuna siku ninayolala bila kumwombea." Alinyamaza kidogo. Sauti ilipotoka tena, ilikuwa safi, haitetemeki. "Mara ile mliona machozi yangu, mkamwachia arudi nyumbani, akawaumiza mkewe na watoto. Nawaomba, safari hii mbaki naye."