Ngoma ya Mjomba

Luhaga alikuwa na kanda mbili: mama yake akiimba, na mjomba wake akipiga ngoma huko Ipililo. Ndugu hao walikuwa hawajasemezana tangu walipogombana, mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Luhaga alitaka kujua kama kanda zao zingepatana.

Aliunga mashine yake ndogo ya kuchanganyia sauti kwenye betri ya gari, akawasha kanda zote mbili, akapandisha ngoma taratibu.

Mama akatokea jikoni, mikono imejaa unga wa mtama. "Nani huyo ananipigia ngoma?"

Luhaga akaweka kidole kwenye swichi, tayari kuzima.

Mama akainama, akalisikiliza pigo la tatu, lililochelewa kidogo kila mara.

"Bado anachelewa," alisema. "Mwanangu, nipunguze mimi. Mwongeze yeye."