Nusu Iliyofunikwa

Marzia Cavatorta aliandika "hapana" ya tisa, akasogeza kiti karibu zaidi na skrini. Nusu ya kushoto ya skrini hiyo ilikuwa imezibwa kwa kipande cha kadibodi. Kwenye nusu ya kulia alionekana mtoto wa miezi saba ameketishwa kwenye kiti kirefu, macho kodo, mdomo umefumba.

Mtoto alikuwa wake. Aliitwa Tullio.

Kwa miaka kumi na moja, hapa Parma, Italia, Marzia alikuwa akichunguza zile seli za ubongo zinazoamka mtu anapocheka, na zinazoamka vilevile anapomwona mwenzake akicheka. Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi. Mama na mtoto wanakaa wakitazamana, kila mmoja na kamera yake. Kengele inalia, mama anatabasamu kwa sekunde kumi, na mtoto anatazamwa kama ataiga. Watoto zaidi ya mia mbili walishapita kwenye kiti kile, na karibu wote waliiga.

Kadibodi lilikuwa wazo la Marzia. Anayetoa alama asimwone mama, kwa sababu ukishamwona mama anacheka, utamwona na mtoto anacheka hata kama hacheki. Kanuni hiyo aliibandika mlangoni, na ole wake atakayeivunja. Karatasi ya alama ilikuwa na swali moja tu, limerudiwa mara kumi: *Je, mtoto anafanya anachofanya mama?*

Kengele ya mwisho ikalia kwenye video. Tullio akatazama tu.

"Hapana ya kumi," alisema Marzia.

Ermes, fundi wa kamera, alikuwa nyuma yake akikunja nyaya. Alibakiza miezi michache kustaafu na alikuwa na utani usiokwisha. "Tumbili tuliokuwa nao humu zamani walikuwa wananitolea ulimi kabla hata sijawaomba," alisema. "Halafu wananimalizia karanga, mashetani wale."

Hakuna mtu pale maabara ambaye hakuwahi kucheka utani huo. Marzia alisema, "Ndiyo."

"Umekula lakini, daktari?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Ilibidi afikirie. Hakukumbuka.

Adhuhuri mama mkwe wake, Iole, alikuja kumchukua mtoto. Mkono mmoja alibeba sufuria ya anolini, vile vitambi vya kujazwa nyama, mwingine ganda gumu la jibini, maana Tullio alikuwa anaota meno na katika nyumba ya Iole meno huota kwa kutafuna ganda la jibini, si kwa madude ya plastiki. Alimpa mtoto lile ganda, akajaza mashavu yake upepo, akaupasua. Mtoto akacheka kwa sauti, akajaza na yake.

"Haya, huyu ndiye asiyeiga?"

"Mama, hizo ni kelele tu. Anashtuliwa na kelele."

"Kelele! Baba yake nilimlea kwa kelele hizi hizi, na sasa hivi anaropoka mpaka usingizini." Kisha akamtazama mkaza mwanawe kwa muda. "Na wewe mwanangu, unaendeleaje?"

"Niko sawa, mama."

Alisema kweli, kadiri alivyojua. Tangu ajifungue hakuwa amelia hata siku moja. Wauguzi wa wodi ya wazazi walimsifu kwamba ni mwanamke jasiri. Alinyonyesha kwa saa, aliogesha kwa saa, alijibu barua zote. Ni dunia tu iliyokuwa imepoa kama supu isiyo na chumvi, naye aliinywa hivyo hivyo kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo.

Hata hii habari ya hospitali ya Bologna haikumuuma. Alhamisi Tullio angelazwa huko wiki tatu, mbali na nyumbani, apigwe picha za ubongo, utafutwe ugonjwa unaomfanya asiige. Marzia mwenyewe ndiye aliyeandika barua ya kumwombea kitanda. Aliiandika bila kufuta neno.

Iole alipoondoka na mtoto, Ermes alirudi, akasimama mlangoni.

"Bologna wamepiga simu. Wanataka alama za pande zote mbili. Za mtoto na za mama."

"Mama ni mimi, Ermes. Nilitabasamu mara kumi. Nilihesabu."

"Najua ulihesabu. Nilikuwa kwenye kamera."

"Basi unajua."

Ermes alikuwa akiangalia viatu vyake. "Mimi fundi tu, daktari. Hebu toa hilo kadibodi." Akaenda zake, na mlango akaurudisha taratibu.

Marzia alichukua karatasi mpya ya alama. Akabandua gundi pembe moja baada ya nyingine, akaliweka kadibodi sakafuni, akairudisha video mwanzo kabisa.

Kengele ikalia. Kulia, Tullio alitulia, macho kodo, mdomo umefumba. Kushoto aliketi mwanamke ametulia vilevile, macho kodo, mdomo umefumba, mpaka sekunde kumi zikaisha.

Akatazama jaribio la pili. Akatazama la tatu. Akayatazama yote kumi.

Kisha akavuta ile karatasi ya asubuhi, akairarua. Kwenye karatasi mpya, mbele ya kila swali, kuanzia la kwanza hadi la kumi, akaandika: *Ndiyo.*