Sahani ya Bi Saumu

Tangu wakubwa wa mji waanze kujaza nyumba tupu za Mji wa Kale kwa watu wa kutengenezwa, ili vichochoro visipooze, ni marufuku kumuuliza jirani kama alizaliwa na mama. Basi mimi huuliza kwa sahani.

Bi Saumu amehamia mlango wa pili. Huketi barazani, humsalimia kila mpita njia, hachoki, hasengenyi. Simwamini. Juzi nikampelekea mahamri na mbaazi. Hapa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata asiye na kitu hutia japo ndimu moja. Leo asubuhi imerudi imeoshwa, inang'aa, haina hata chembe ya sukari.

Nikamwonyesha mume wangu Mbaruku, mzaliwa wa kichochoro hiki hiki, aliyekuwa akinywa chai.

"Tazama. Nilikwambia yule si mtu."

Akaipokea, akaigeuza chini juu, akanirudishia.

"Si ameiosha vizuri, bibiye. Ulitaka irudi na nini?"

Nilisimama na sahani yangu, nikijaribu kukumbuka siku ya harusi yetu, ni nani hasa aliyekuja wa upande wake.