Unyoya wa Tausi

Enzi hizo ndege waliposana kwa unyoya. Mshenga aliuchomeka mlangoni kwa binti mara tatu, na hata wa tatu usiporudishwa, basi posa imekubaliwa.

Tausi, aliyejiona bora kuliko ndege wote, alimtuma Kunguru kwa Mzee Kanga. Kunguru akapiga hodi, akachomeka unyoya wa kwanza. Binti Kanga akatoka kuutazama.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Kunguru akabetua mdomo. "Bwana Tausi haendi kwa watu. Unyoya wake unatosha."

Alipoleta wa pili, binti aliuliza lile lile, akajibiwa lile lile. Wa tatu ulipofika, baba yake akamwahi kabla hajafungua kinywa.

"Mwanangu, usinitie aibu. Mwari haulizi, mwari hunyamaza."

Binti akanyamaza. Unyoya haukurudishwa, harusi ikapangwa.

Siku ya harusi Tausi alijaza wageni uani kwake, akautandaza mkia, akamtuma Kunguru amlete bibi harusi. Binti akang'oa unyoya mmoja wa madoadoa ubavuni mwake.

"Mpelekee huu."

"Na wewe je?"

"Akiniulizia, jibu unalo."

Mshenga hupeleka anachopewa. Tausi alipouona ule unyoya mdogo, mkia ulimshuka mbele ya wageni wote.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Kunguru akatazama chini. "Binti Kanga haendi kwa watu, bwana. Unyoya wake unatosha."